Taa za trela zinawaka ovyo? Pima athi kwanza kabla hujanunua taa mpya (uzi wa wenye trela, Malindi na jirani zake)

#1 Mwanzisha uzi, Malindi

Assalam aleikum na habari zenu nyote.

Kusi inakaribia, boti zimeanza kupandishwa, na kila jioni trela zinatoka ufukweni kuelekea Watamu, Kilifi hadi Mtwapa zikiwa na taa zisizoeleweka. Moja inawaka upande mmoja tu. Nyingine dereva akikanyaga breki, kinachowaka ni indiketa. Nyingine haina taa kabisa, mwenyewe kafunga kitambaa chekundu kwenye mashine ya boti akaona yatosha. Barabara ya Mombasa sehemu kubwa haina taa, na kwetu giza huingia haraka jua likishazama. Nyuma ya trela yako kuna bodaboda kapakia mtu, na hana njia nyingine ya kujua kwamba umefunga breki isipokuwa taa zako. Ndiyo maana nimeona niandike kwa kirefu.

Kwa trela za pwani, mara nyingi kilichokufa si taa bali ni athi, yaani njia ya umeme ya kurudi betri. Umeme ukitoka betri hupita fyuzi, swichi na waya hadi kwenye balbu, kisha ni lazima upate njia ya kurudi betri. Kwenye gari, bodi yenyewe ndiyo njia ya kurudi. Kwenye trela njia hiyo ni waya moja, kwa kawaida nyeupe, inayotoka kwenye plagi na kufungwa kwa bolti kwenye chuma cha trela, halafu kila taa inatumia chuma hicho. Bolti ile ikila kutu, taa zote zinakosa pa kupitishia umeme wake. Wako pia wasiokuwa na waya nyeupe kabisa, wanategemea chuma kugusana na chuma pale trela inapoungana na gari. Pale pana grisi, pana kutu, na panacheza kila ukiingia shimoni. Hiyo si athi ya kutegemea.

Dalili za athi mbovu ni hizi: taa hafifu zenye wekundu wa kaa, taa za nyuma zinazofifia ukikanyaga breki, indiketa ya upande mmoja inayotikisa taa za upande wa pili, taa inayozima ukipiga trela teke na kuwaka ukilipiga tena. Ukiona taa zinachanganyikana kazi, fikiria athi kabla ya kitu kingine chochote.

Sasa, kupima. Watu wengi wanachukua mita ya dijitali, wanagusa waya, wanaona volti 12 na ushei, wanasema waya ni nzima. Mita haivuti umeme wa maana. Waya iliyobakiwa na uzi mmoja tu wa shaba itaonyesha volti 12 vilevile. Balbu ya breki ya wati 21 inataka karibu ampea 1.75, na uzi ule mmoja unaweza kushindwa kuzipitisha vizuri. Kwa hiyo tengeneza testa ya balbu: holda (kishikio cha balbu), balbu ya wati 21, waya mbili ndefu, na klipu ya meno kwenye ncha moja. Balbu ikiwaka kwa nguvu yake yote, waya ni nzima kweli.

Ninavyofanya mimi: kwanza natenga gari na trela. Naing'oa plagi, naifunga ile testa kwenye athi ya soketi ya gari, nagusa tundu moja moja huku mwenzangu akikanyaga breki na kuwasha indiketa. Soketi ikipita mtihani, gari halina kosa. Kisha nachukua betri ya volti 12 na kuipeleka kwenye trela yenyewe: hasi kwenye pini ya athi, na chanya, ikiwa na fyuzi ya ampea 10 njiani, naigusisha pini nyingine moja baada ya nyingine. Hapo trela inajieleza yenyewe, gari halimo.

Taa ikiwa hafifu au haiwaki, vuta waya ndefu kutoka hasi ya betri hadi kwenye chuma cha holda ya taa ile. Ikiwaka vizuri ghafla, umeshapata jibu. Taa ni nzima, athi ndiyo mbovu. Mwenye mita naye ana kazi yake hapa: washa taa, weka ncha nyeusi kwenye hasi ya betri na nyekundu kwenye chuma cha holda. Chini ya nusu volti ni sawa. Ukisoma volti 2 au 3, ujue hizo zinapotelea njiani kwenye athi.

Mpangilio wa plagi ya pini 7 ya volti 12, ile ya duara inayofuata kiwango cha kimataifa cha ISO 1724, ni huu: 1 indiketa ya kushoto (njano), 2 taa ya ukungu (buluu), 3 athi (nyeupe), 4 indiketa ya kulia (kijani), 5 taa ya nyuma kulia (kahawia), 6 breki (nyekundu), 7 taa ya nyuma kushoto (nyeusi). Namba zimeandikwa ndani ya plagi, ndogo sana, tumia tochi. Rangi usiziamini kwenye trela iliyopita mikono mingi. Amini namba na testa.

Karibuni mwenye swali au mwenye kuongeza.

#2 Mchuuzi wa samaki, Mayungu

Kaka, Mungu akuzidishie. Trela yangu ni ndogo, ya makasha ya barafu na samaki. Nikikanyaga breki taa za nyuma zinafifia kama ulivyosema, na nikiwasha indiketa ya kushoto, ya kulia nayo inapepesa kwa mbali. Nimeambiwa ninunue flasha mpya, kile kifaa kinachozipepesa indiketa. Ninunue?

#3 Mwanzisha uzi, Malindi

Dada yangu, usinunue bado. Flasha ingekuwa mbovu, shida ungeiona hata trela ikiwa haijafungwa. Jaribu gari peke yake. Indiketa zikipepesa sawasawa, flasha haina kosa.

Kinachotokea ni hiki. Ile balbu ya breki na taa ya nyuma ina nyuzi mbili ndani ya kioo kimoja, ya wati 21 na ya wati 5, na zote mbili zinarudi kupitia kitako kimoja. Athi ya kitako ikikatika, umeme wa breki hauna pa kutokea. Basi unapanda kwenye uzi wa wati 5, unarudi kinyume kwenye waya ya taa za nyuma, unakwenda hadi taa ya upande wa pili na kutafuta athi huko. Njiani unawasha kila kitu nusunusu. Umeme wa indiketa nao ukikosa athi hutafuta njia ya upande wa pili vivyo hivyo, ndiyo maana unaona upande wa kulia unapepesa wakati umewasha kushoto.

Toa bolti ya athi karibu na plagi, kisha zile za kila taa. Rangi, kutu na tope chini yake vyote viondoke, piga msasa mpaka chuma king'ae. Na chungulia waya yenyewe: ukikuta shaba imegeuka nyeusi au ya kijani, kata, menya tena, endelea kukata mpaka ufikie shaba nyekundu inayong'aa. Maji ya chumvi hupanda ndani ya ganda la waya mbali kuliko unavyodhani. Ukiunga kwenye shaba nyeusi, umeunga bure.

#4 Dereva wa lori la chumvi, Gongoni

Salamu wakuu. Naongeza jambo moja kwa faida ya wenye trela ndogo wanaonunua vifaa huku kwetu. Malori yetu ni volti 24, na maduka ya Gongoni na Marereni yanatuhudumia sisi kwanza. Ukiomba balbu ya breki bila kusema volti, waweza kupewa ya 24. Ukiifunga kwenye trela ya volti 12 itawaka, lakini hafifu, na utatafuta athi mbovu siku nzima. Ya 12 kwenye lori letu ndiyo inaungua mara moja. Soma maandishi kwenye kitako cha balbu kabla ya kulipa.

Na plagi ya volti 24 mpangilio wake si huo wa hapo juu. Kwenye ile, athi ni pini namba 1. Kwa hiyo mtu asichukue mchoro wa #1 akautumia kwenye lori.

#5 Fundi wa waya za magari, Malindi mjini

Dereva amesema kweli tupu. Mzee mwanzisha uzi, shukran kwa kuanzisha jambo hili, nami natia langu.

Balbu ya nyuzi mbili ina vijipini viwili pembeni mwa kitako, kimoja juu kidogo ya kingine, ili isiingie kinyume. Kwenye holda iliyolegea watu huilazimisha. Ikikaa kinyume, taa za nyuma zinawaka kali kama breki na breki inakuwa hafifu. Anayekufuata usiku anaona taa kali mwendo wote na haoni lolote ukifunga breki. Mteja akiniletea trela ya namna hiyo, balbu ndiyo kitu cha kwanza ninachogusa.

Lakini nililotaka hasa kusema ni unene wa waya ya athi. Wengi wananunua waya ya nyuzi 7 zenye unene mmoja, milimita mraba 0.75, na kuitumia yote sawa. Fanyeni hesabu. Breki mbili na indiketa mbili za dharura kwa pamoja ni balbu nne za wati 21, yaani wati 84, karibu ampea 7. Kila balbu ina waya yake ya kwenda au inagawana na mwenzake mmoja, ila kurudi zote zinapita kwenye nyeupe moja. Waya ya 0.75 ina ukinzani wa takriban omu 0.023 kwa mita. Trela ya boti ya mita 6 inakupa omu 0.14. Zidisha kwa ampea 7, unapoteza volti nzima kwenye kurudi peke yake, na hapo waya ni mpya. Ukiweka ya milimita mraba 2.5, hasara inashuka hadi kama volti 0.3.

Balbu nayo haisamehe. Mwanga hushuka kwa kasi kuliko volti: balbu ya volti 12 ukiipa 10, mwanga wake unabaki karibu nusu. Kwa hiyo mimi kwenye trela ya boti situmii chuma kama njia ya kurudi hata kidogo. Navuta waya nene kutoka plagi hadi nyuma, na kila taa inapata waya yake ya athi kutoka hapo. Chuma kioze kitakavyo, taa zitawaka.

Mwenye uwezo anunue waya ya boti ambayo shaba yake imepakwa bati. Bei yake ni ya juu, ila haigeuki nyeusi upesi. Na vile vibano vya plastiki vinavyouma waya bila kuimenya, tafadhalini, visitumike kwenye trela inayokaribia bahari. Vinatoboa ganda, chumvi inaingia palepale. Unga kwa kubana au kulehemu, kisha funika kwa mpira unaosinyaa kwa joto, ule wenye gundi ndani. Tepu nyeusi peke yake huachia kwenye jua letu na kukusanya maji badala ya kuyazuia.

#6 Mwenye boti, Watamu

Ahsanteni. Yangu ni tofauti kidogo. Boti niliinunua pamoja na trela yake iliyotoka Marekani. Ina waya nne tu: nyeupe, kahawia, njano, kijani, na plagi bapa. Hakuna nyekundu ya breki. Pikapu yangu ni ya Kijapani. Kuna kijana aliunganisha nyekundu ya breki na waya za indiketa za gari pamoja na njano na kijani za trela, zote kwa pamoja. Sasa indiketa yoyote nikiwasha, pande zote mbili zinapepesa, mpaka za gari lenyewe.

#7 Fundi wa waya za magari, Malindi mjini

Mzee wangu, hapo hata athi ikiwa nzima haitasaidia. Kwa mtindo wa Marekani, trela nyingi hutumia uzi mmoja wa balbu nyekundu kwa breki na indiketa pamoja. Njano ni breki na indiketa ya kushoto, kijani ni breki na indiketa ya kulia, kahawia ni taa za nyuma, nyeupe ni athi. Gari lako la Kijapani limetenganisha breki na indiketa. Alipozifunga zote pamoja, kushoto na kulia zimekuwa waya moja, kwa hiyo ni lazima zipepese zote.

Kwanza mwambie azitenganishe leo, maana umeme wa indiketa unarudi hadi kwenye swichi ya breki na unaweza kuharibu mengine. Halafu una njia mbili. Kuna kisanduku cha kubadilisha, kinaingiza breki, kushoto na kulia za gari na kutoa waya mbili za kimarekani. Au unavuta waya mpya na kufunga indiketa zake za rangi ya chungwa, na plagi ya pini 7. Mimi ningekushauri ya pili. Kisanduku ni kitu kingine cha kuoza, na madereva wa hapa wamezoea indiketa ya rangi ya chungwa, nyekundu inayopepesa wanaidhania breki.

#8 Kijana wa tuktuk, Malindi

Na LED je? Naona zinauzwa kila mahali zimezibwa kabisa, wanasema hazipitishi maji. Si ndiyo dawa?

#9 Mwanzisha uzi, Malindi

Ni nzuri, mdogo wangu, hasa zile zilizozibwa na kutoka na waya zake bila holda. Zinavuta umeme kidogo, kwa hiyo hata hesabu ya fundi kuhusu waya nene inakuwa nyepesi. Lakini LED kwenye athi mbovu ni mbaya zaidi kwa namna moja: inaweza kuwaka vizuri leo juu ya athi inayokaribia kukatika, halafu izime yote kwa mara moja barabarani. Ukibadilisha taa, badilisha na athi.

LED pia ina upande. Ukigeuza chanya na hasi haiwaki, hata kama haijaungua.

#10 Fundi wa waya za magari, Malindi mjini

Naongeza. Gari likiwa na balbu zake za kawaida na trela ikiwa na LED, flasha kwa kawaida haisumbui, maana mzigo wa gari bado upo. Taabu ni magari mapya yanayochunguza taa kwa kompyuta. Yanatuma mapigo madogo ya umeme, balbu haiyahisi, LED inayahisi na kupepesa ovyo. Wengine wanafunga rezista ya omu 6 ili ivute umeme kama balbu. Hiyo inakula wati 24 kila ikiwaka na inachoma kweli. Ukiifunga, iwe juu ya chuma, mbali na waya na plastiki. Kwa magari hayo mimi natumia kisanduku cha rilei (swichi zinazoendeshwa na umeme) kinachokula umeme moja kwa moja kutoka betri kupitia fyuzi yake, na waya za gari zinatoa amri tu. Hapo trela ikileta shoti, kompyuta ya gari haiguswi.

#11 Msafirishaji, Mokowe

Salamu kutoka Lamu bara. Mimi trela ninaitumia kuleta mashine za boti na mabati kutoka Malindi hadi jetini Mokowe. Fyuzi ya taa za nyuma inaungua kila nikifika sehemu yenye matuta. Nikisimama na kubadilisha, inakaa, halafu tena. Nimeshaambiwa niweke fyuzi kubwa.

#12 Fundi wa waya za magari, Malindi mjini

Usiweke fyuzi kubwa, nakusihi. Fyuzi inailinda waya isiungue. Ukiweka ya ampea 30 pahali pa 10, shoti itakapotokea, itakayoungua ni waya, na waya hiyo inapita karibu na tangi la mafuta.

Una waya iliyochubuka inayogusa chuma gari likitikisika. Fanya hivi: toa balbu zote za taa za nyuma kwenye trela. Toa fyuzi, na mahali pake chomeka ile testa ya balbu ya wati 21. Washa taa za nyuma. Taa za gari lenyewe zitaifanya testa iwake kiasi, ila shoti ikitokea itawaka kwa nguvu zake zote, wala hakuna kitakachoungua. Sasa mwenzako aitazame testa na wewe utikise waya kipande kwa kipande, kuanzia plagi hadi nyuma. Pale itakapopiga mwanga, ndipo penye ugonjwa. Angalia hasa waya inapoingia kwenye bomba la chuma bila mpira wa kuzuia makali, na pale karibu na plagi inapoburura chini ikiwa ndefu mno.

#13 Mchuuzi wa samaki, Mayungu

Kaka na fundi, shukran sana. Bolti ya athi ilikuwa imefungwa juu ya rangi, na chini yake kutu tupu. Waya nimekata karibu shubiri nzima ndipo nikaona shaba. Sasa breki na taa za nyuma haziingiliani tena, na indiketa ya kulia imetulia. Flasha sikununua.

Nina swali la mwisho. Trela inaloa maji ya barafu yaliyochanganyika na chumvi kila siku. Nifanye nini isirudi ilipokuwa?

#14 Mwanzisha uzi, Malindi

Alhamdulillahi, dada. Ukishakaza bolti, paka mafuta mazito ya mgando juu ya kiungo chote, na rangi juu ya chuma ulichokipiga msasa. Usipake rangi kabla ya kukaza, ndiyo iliyokuletea shida. Ndani ya holda na kwenye pini za plagi paka mafuta hayohayo, kidogo tu. Plagi ikiwa haijachomekwa, mdomo wake utazame chini, na uifunge mfuko usitiwe mchanga. Kila jioni mwagia maji baridi ya bomba, nyuma ya taa pia. Na taa za chini toboa kitundu kidogo upande wa chini kabisa, kama hazikuzibwa kiwandani, ili maji yakiingia yapate kutoka.

Kwa wenye boti: ng'oa plagi kabla trela haijagusa maji, na subiri balbu zipoe. Kioo cha moto kikikutana na maji ya bahari kinapasuka, na umeme ukiwa ndani ya maji ya chumvi unaila shaba kwa kasi. Iliyo bora kuliko yote ni kuwa na ubao wa taa wa kuchomoa. Taa zote na kibao cha namba vinafungwa kwenye ubao mmoja, unauning'iniza nyuma ya boti kwa kamba mbili, waya inapita juu ya boti hadi kwenye gari. Ukifika ufukweni unaushusha na kuuweka ndani ya gari. Hauonji bahari maisha yake yote. Nikipata nafasi Jumamosi nitaweka vipimo vya ubao wangu hapa, pamoja na urefu wa waya kwa boti za futi 20 hadi 26.